Padri wa Nusu Saa huko Ireland

Nawasimulia kisa hiki mwenyewe kwa sababu mke wangu, Mama Neema, ameshaanza kukisimulia saluni kwake, na yeye akisimulia anaongeza, wakati aibu yenyewe ilivyo inatosha kabisa. Mnaonijua hapa Troyeville, Johannesburg, mnajua mimi ni fundi cherehani, si mtu wa fujo, kanisani ni mzee wa maombi, na sijawahi kumdanganya mtu kwa makusudi. Lakini mwaka jana, nikiwa Ireland, niliongoza mazishi ya Wakatoliki nisiowajua, na hakuna aliyenituma.

Tulikwenda kwa sababu mdogo wake Mama Neema anaishi Dublin na alikuwa anabatizisha mtoto. Baada ya ubatizo akatuazima gari lake kwa siku mbili, akasema tangu tuoane hatujawahi kusafiri wawili tu, bila mtoto wala mzigo wa biashara, basi twende tukaone nchi. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Tuliona mashamba ya kijani yaliyogawanywa kwa kuta za mawe, tuliona kondoo wengi kuliko watu, tukaingia kwenye kaburi la kale la mawe ambalo wanasema lilijengwa kabla ya piramidi za Misri, unapita umeinama kwenye njia nyembamba kama uchochoro wa mabanda ya Diepsloot, mpaka ndani kabisa, halafu mtembezaji anazima taa ili uone giza lilivyokuwa kwa watu wa zamani. Mama Neema alinishika mkono gizani. Sikumbuki mara ya mwisho alinishika mkono bila kuwa tunavuka barabara.

Nadhani furaha hiyo ndiyo iliyonilevya. Asubuhi ya pili aliniambia nivae koti la mvua na buti, mimi nikasema fundi hatembei nchi za watu amevaa plastiki, nikavaa suti nyeusi niliyojishonea kwa ajili ya ubatizo, na kwa sababu ya baridi nikaweka sweta jeusi la shingo ya duara juu ya shati jeupe, likafunika shati lote, ikabaki alama ndogo tu nyeupe kooni. (Ninyi mmeshaona tatizo. Mimi nilijitazama kwenye kioo nikaona nimependeza.)

Tulifika kwenye magofu ya monasteri ya zamani, bondeni: mnara mrefu wa mviringo, kanisa lisilo na paa, misalaba ya mawe iliyochongwa, na makaburi kila upande. Mama Neema akapanda kilima kupiga picha. Viatu vyangu vilikuwa vinateleza kwenye tope, nikabaki nyuma ya ukuta nikijikinga na upepo, nikiamini kwamba waliolala pale wote ni watu wa karne zilizopita. Kumbe wanakijiji bado wanazika pale. Gari la maiti likaingia, nyuma yake watu kama thelathini wenye miavuli, na kwa kuwa kwetu mtu haupi msiba mgongo, nikavua kofia, nikasimama wima, mikono mbele, kichwa chini.

Mzee mmoja mwenye koti refu na macho mekundu akaja moja kwa moja kwangu. Aliyekuwa ndani ya jeneza alikuwa mke wake, ila hilo nililijua baadaye. Akaniuliza, kwa Kiingereza cha kasi ambacho sijawahi kukisikia Johannesburg, kama mimi ndiye Fada. Sasa, kwa Kiingereza padri na baba ni neno moja, na mimi nyumbani kila mtu ananiita Baba, wateja, majirani, hata anayeuza machungwa pale kwenye robot, taa za barabarani. Nikaona mzee huyu ana adabu, katikati ya msiba wake bado anataka kujua kama nina familia. Nikamjibu kwa Kiingereza changu: ndiyo, wanne. Akatazama saa yake, akasema nisiwe na wasiwasi, tutamaliza mapema. (Alidhani namwambia kwamba saa kumi nina safari, maana saa kumi yetu wao wanaiita nne.)

Akanishika kiwiko akaniongoza mpaka kaburini. Nilidhani ni heshima ya mgeni. Kisha akaniwekea kitabu kidogo mkononi, mtu mwingine akanikabidhi chombo cha maji ya baraka, na hapo ndipo nilipoelewa. Wakati wa kusema ulikuwa huo. Lakini wanaume sita waliolowa walikuwa wameshikilia kamba za jeneza, watu wote wameinamisha vichwa, na yule mzee akaninong'oneza kwamba alikuwa na hofu padri mgeni kutoka Afrika angepotea njia, asante kwa kuja. Nikamtazama usoni, nikashindwa. Nikajiambia sala haijawahi kumdhuru mtu.

Eish. Kitabu kilikuwa na maandishi madogo na miwani yangu ilikuwa kwenye gari. Nikafumba macho, nikaomba kwa Kiswahili kama ninavyoomba nyumba yoyote yenye msiba. Sikujua kama marehemu ni mwanamume au mwanamke, ila Kiswahili hakikuniuliza. Shida ni kwamba sisi tumezoea kuomba juu ya kelele za mateksi, na bonde lile lilikuwa kimya, hivyo sauti yangu ilikuwa inagonga mnara na kurudi. Niliomba kama dakika ishirini. Kunguru walihama.

Mama Neema alinisikia akiwa kilimani, akadhani nimevamiwa. Akateremka mbio, buti zimejaa tope, akapenya kati ya watu, akanishika mkono, akaniuliza kwa Kiingereza chake kizuri cha saluni:

"Mume wangu, unafanya nini hapa?"

Watu thelathini wakamtazama padri mwenye mke. Mtu mmoja akakohoa. Na nyuma yao kabisa, kanzu nyeupe imelowa mpaka magotini, alikuwa amesimama Mwafrika mwingine na kitabu chake kwapani. Gari lake lilipata pancha njiani. Aliniambia baadaye kwamba alidhani ameshatafutiwa mbadala, ndiyo maana alinyamaza akawa anaitikia amina.

Nikamweleza mzee ukweli wote, kwamba mimi ni fundi nguo, kwamba nina watoto wanne, kwamba niliposema ndiyo nilikuwa na maana hao. Kiingereza kiliponikwama Mama Neema alitafsiri, bila kupunguza kitu. Nilikuwa tayari kufukuzwa, hata kupigwa. Mtu humzika mke wake mara moja tu, na mimi mara hiyo nilikuwa nimemharibia.

Mzee alikichukua kitabu chake mkononi mwangu. Kisha akauliza, "Ulikuwa unasema nini wakati wote ule?"

Nikamwambia nilimwomba Mungu ampokee marehemu, na nikawaombea anaowaacha, kwamba wakirudi leo, nyumba isiwe kubwa mno kwao.

Akaitikia kwa kichwa. Akamgeukia padri wa kweli.

"Anza tena mwanzo, Fada," akasema. "Mke wangu hakuwahi kuamini jambo aliloambiwa mara moja."

Baadhi wakacheka huku wanalia, na mazishi yakarudiwa. Baadaye wakatulazimisha kwenda nao kunywa chai, nikakaa na mkate wangu huku kila anayenisalimia akisita kidogo, hajui aniite nani.

Tukarudi kwenye gari. Nikaanza kuomba radhi kwa kuiharibu safari yetu. Akanikatiza.

"Na mimi nikitangulia, utaniombea hivyo?"

Nikasema ndiyo.

"Basi ufupishe. Watu wanaloa."

Tangu siku hiyo nimeapa sitajibu swali la Kiingereza kabla sijalielewa, hata liwe fupi namna gani. Akija mteja kutoka Midrand akaniuliza jambo, nanyamaza kwanza, nalipima neno moja moja, ndipo nafungua mdomo. Wengine wanadhani ninaringa. Wacha wadhani hivyo.