Umeshahamisha?

Shemeji yangu ni mpiga picha, na nyumbani kwake hakuna hata picha moja ya mkewe. Kinyozi hajinyoi. Mke huyo alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, na katika kazi yao yeye ndiye aliyeshika taa. Ukimwelekezea kamera alijifunika uso kwa mkoba na kukuambia usimharibie mumewe kamera bure.

Studio yao ni chumba kimoja kando ya duka la dawa, pazia jeupe ukutani na harufu ya vumbi linaloungua kwenye taa. Kadi ya kamera ikijaa, shemeji huhamishia picha kwenye kompyuta, kisha huirudisha kadi ndani ya kamera, na kamera humuuliza kama ifute kila kitu. Hapo ndipo mdogo wangu alipomshika mkono na kuuliza, "Umeshahamisha?" Aliuliza hata kama amemwona akihamisha kwa macho yake. Mume akijibu "Nimeshahamisha," mkono unaachiwa, kitufe kinabonyezwa. Mimi nilikuwa nawacheka, nikiwaita kasuku wangu wawili.

Alipougua na kujua hatapona, alikubali kurekodiwa mara moja tu. Alikaa kitandani, kitambaa kichwani, akaongea na binti yake, ambaye wakati huo hata kamba za viatu alikuwa hajui kufunga. Alitaka binti aione video hiyo siku atakayomaliza shule, na kabla ya hapo asiione mtu mwingine yeyote, hata mimi dada yake. Iliniuma, siwezi kuficha.

Kazi za wateja shemeji huziweka sehemu mbili. Hii, kwa kuheshimu siri ya marehemu, aliiweka sehemu moja: kwenye kile kisanduku cheusi chini ya meza, chenye diski nne ndani, ambamo kompyuta za studio huhifadhi kazi zote.

Juzijuzi, binti akiwa amebakiza mtihani wa mwisho, kisanduku kikazima na hakikuwaka tena. Fundi wa kompyuta alisema diski ni nzima, kilichokufa ni kisanduku. Kinunuliwe kipya, diski zihamishwe. Alijitolea kuja kuzihamisha mwenyewe, lakini shemeji akakataa, kwa kuwa hakutaka mtu wa nje aguse kitu cha mkewe. Akaniita nimmulikie tochi.

Nasema haki, alifanya kazi ya mtu mwenye akili. Alichomoa waya wa umeme kwanza. Alibandika plasta kwenye kila diski akaandika namba, asije akachanganya mpangilio. Alizitoa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa mayai chini ya kuku, akazipachika kwenye kisanduku kipya, ya kwanza pa kwanza, ya mwisho pa mwisho. Nikampongeza. Akawasha.

Kioo cha kompyuta kikaleta maneno. Kulikuwa na sehemu ya kuchagua kwamba diski zimetoka kwenye kisanduku cha zamani na vilivyomo vibaki. Chini yake kulikuwa na swali kama zifutwe zianze upya. Miaka yote kidole chake kimejibu swali hilo, harusi baada ya harusi. Kikabonyeza ndiyo.

Mimi sikuelewa. Nilimwona tu akivuta waya ukutani, kisha akakaa sakafuni.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema.

Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo shemeji haambiwi, na yeye hakunyanyua uso. Fundi alihangaika na zile diski hadi akachoka. Alichookoa ni vipande vya harusi za watu, bibi harusi asiye na kichwa, keki nusu. Mdogo wangu hakuwemo.

Binti alirudi nyumbani na cheti chake, amevaa gauni jipya kwa ajili ya kumwona mama. Baba yake alimwambia mwenyewe, mbele yangu. Mtoto hakulia. Aliuliza tu, "Alisema nini, baba?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa naangalia mwanga. Nililia kiasi kwamba sikusikia kitu."

Hapo hasira yote juu yake ikaniisha.

Tukaanza kupita kwa wateja wa zamani, mimi na mpwa wangu, tukiomba video za harusi zao. Nyingi zilikuwa zimekatwa vizuri na kuwekewa muziki. Mama mmoja alikuwa ameomba apewe kila kitu bila kukatwa, na katika video yake kamera ya pili iliachwa ikirekodi juu ya meza tupu. Haonekani mtu. Inasikika sauti ya mdogo wangu karibu kabisa:

"Umeshahamisha?"

"Bado."

"Basi toa kidole hapo, mume wangu."

Halafu anacheka, na viti vinaburutwa.

Tulimpelekea shemeji. Aliisikiliza mara moja, akatoka nje, akasimama mlangoni mwa duka la dawa akiwapa mgongo wapita njia. Binti alibaki akiirudia. Baadaye aliinakili kwenye simu yake, kwenye simu yangu na kwenye kompyuta ya baba yake, na kila alipomaliza moja alinitazama mpaka nimuulize.