Pembe za Arusi ya Dada Yangu

Nilirudi kutoka Bombei na shahada, jozi mbili za viatu, na kinanda cha santuri chenye mdomo wa shaba mpana kama sinia. Miaka mitatu ya chuo ilikuwa imenifundisha kuuliza "nani kasema?" kwa kila jambo, na niliuliza kwa bidii mpaka watu wa nyumbani wakaanza kunikwepa. Nani kasema usifagie jua likishatua? Nani kasema usipige mluzi chumbani? Mama alinijibu mara moja tu: "Nimesema mimi."

Kinanda nilikiweka barazani, na kila alasiri wazee wa mtaa wetu wa Mji wa Kale walikuja kusikiliza. Nilikuwa na santuri sita, zote za waimbaji wa Kihindi, wale wanaovuta sauti moja hata ukadhani wamesahau neno linalofuata. Wazee waliivumilia ya kwanza. Katikati ya ya pili mmoja akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, huyu bibi yuwaumwa na nini?"

Hapo nikatoa hotuba. Sikio, niliwaambia, ni mazoea tu. Muziki mgeni haukukosa kitu; sisi ndio hatujaujua. Mtu na aketi, anyamaze, asikilize mara ya kwanza na ya pili, ndipo ahukumu. Nilisema vizuri sana, naona hata leo. Wazee walitikisa vichwa, wakaagiza kahawa nyingine.

Siku zile arusi ya dada yangu ilikuwa imekaribia. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kazi ya kuita pembe iliniangukia mimi. Kwetu, binti anapoolewa mara ya kwanza, wanawake hutoka na vugo: hushika pembe za nyati, wakazigonga kwa vijiti na kuimba, mtaa hadi mtaa. Lakini hawatoki wenyewe. Mwanamume wa nyumba ya bibi arusi sharti awaite kwa mdomo wake, mbele ya watu. Mkuu wa pembe alikuwa jirani yetu, mama mnene mwuza mahamri, naye alipita barazani kunikumbusha.

"Twangoja mwito wako, mwanangu."

"Msijisumbue, mama," nikamwambia. "Arusi yetu itakuwa na kinanda. Ile mifupa ya kugongagonga, kwa kweli, si muziki. Ni makelele."

Mwuza kahawa aliacha kuvigonganisha vikombe vyake. Yule mama hakukasirika, au hakutuonyesha. Alilivuta buibui lake vizuri, akasema, "Haya. Makelele tumeyaweka," akaenda zake.

Dada yangu alikuwa nyuma ya pazia la dirisha na alikuwa amesikia kila neno. Nilipoingia ndani, alinikabili.

"Wajua ni nani huolewa bila pembe?"

"Nani kasema lazima..."

"Mjane huolewa bila pembe. Aliyeachwa huolewa bila pembe. Na yule ambaye kwao wataka aozwe upesi, watu wasije wakauliza. Sasa niambie mimi ni yupi katika hao."

"Watu wakisema, na waseme."

"Wewe utasema hivyo, kisha uende zako kazini, ofisi ya reli. Mimi ndiye nitakayekaa na wanawake hawa mpaka nizeeke. Tena uliwaambia nini wale wazee? Mtu aketi, anyamaze, asikilize. Au hayo ni kwa nyimbo za Wahindi peke yao?"

Asubuhi yake nilikwenda kwa mkuu wa pembe, nikasimama mlangoni. Alikuwa akiepua mahamri.

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Radhi hainishibishi. Niletee hicho kinanda chako."

Nikakibeba mpaka kwake, jasho likinitoka, nikakiweka ukumbini. Alifuta mikono, akaketi kigodani na sinia tupu mapajani, akaniamuru nipige santuri moja. Ilipokwisha akasema, "Tena." Ilipokwisha akasema, "Tena." Hakutikisa kichwa, hakukunja uso. Alifumba macho, na mara ya tatu kidole chake kikaanza kugonga sinia taratibu.

"Mwenye ngoma yuwazunguka," alisema. "Mapigo kumi na sita, kisha yuwarudi nyumbani. Yule bibi apotea atakavyo, lakini kwenye kurudi, warudi pamoja. Hapa. Sikiza. Na hapa."

Nikahesabu. Kumi na sita. Nilikuwa na santuri ile miaka miwili, nimeisifu kwa kila rafiki, na sijapata kuisikia hesabu yake.

"Umejuaje, mama?"

"Nimesikiza. Ni mzuri. Ajidai kidogo." Akaweka sinia chini. "Sasa zamu yako. Kesho baada ya sala ya alasiri twafanya mazoezi uani kwangu. Wewe utakaa nje barazani. Sitaki sifa. Utaniambia ulichosikia. Ukisikia makelele, sema makelele, na pembe zakaa guniani."

Zilikuwa zimebaki siku sita.

Siku ya kwanza nilisikia makelele. Nasema kweli. Ilikuwa kama watu thelathini wanapasua kuni kila mtu kwa ghadhabu yake. Wapita njia nao hawakuniacha.

"Bwana wa Bombei! Umefukuzwa kwenu?"

"Nasikiliza."

"Wasikiliza nini?"

"Bado sijajua."

"Masikini. Na karo yote ile!"

Nilipoulizwa na mkuu wa pembe, nilimwambia hivyo: makelele, lakini niruhusu nirudi. Akanitazama, akaniruhusu.

Siku ya pili niligundua kwamba pembe hazilii sawa. Kuna nene, zinazotoa sauti ya chini kama mlango mzito unaogongwa, na kuna nyembamba, kali. Nene zilikuwa zinatembea. Nyembamba zilikuwa zinazizomea. Siku ya tatu nikasikia pembe moja ambayo haikulia hata mara moja pamoja na nyingine. Ilingoja zinyamaze, ikaingia penye ufa, ikatoka. Nikiifuata ile, zilizobaki zote zikawa na mpango. Nikiipoteza, nikarudi kwenye kuni. Nikajikuta nagonga goti, tena vibaya.

"Kuna mmoja hagongi na wenzake," nilimwambia alipotoka.

"Hee! Endelea."

"Na kila nikidhani mmekwisha, hamjaisha. Sijui mwisho uko wapi."

Akacheka hata bega likatikisika. "Pale mwimbaji wetu bado atafuta kijembe kikali cha kukuchoma. Akikipata, ndio mwisho. Na yule mmoja ni mimi." Kisha akakaza uso. "Uliyasema mbele ya watu. Utaniita mbele ya watu."

Nikafanya hivyo alasiri iliyofuata, nimesimama barabarani mbele ya baraza letu, wazee walewale wakitazama. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba niliita makelele kitu nisichokijua, na kwamba nyumba ya marehemu baba yangu yaomba pembe.

"Ongeza sauti!" akasema mwuza kahawa. "Siku ile twalikusikia mpaka bandarini."

Siku ya arusi wakaja, leso zao zimefanana, wakajaza njia ukuta kwa ukuta. Nilisimama ndani, nyuma ya pazia na dada yangu, mikono yake imejaa hina asiweze kushika kitu. Mwimbaji alinianza bila kuchelewa: msomi kaenda mbali kununua masikio, kayasahau melini. Njia nzima ikacheka. Kwa kawaida pembe hupita mlangoni zikaendelea, lakini kwetu zilisimama. Madirisha ya upande wa pili yalifunguka moja baada ya jingine, na kila jirani ambaye angeweza kuuliza neno juu ya dada yangu alikuwa pale, anapiga vigelegele.

"Wamesimama," alininong'oneza dada yangu. "Wasikia? Hawaendi."

"Nasikia."

"Waonaje?"

"Ndefu mno," nikasema, maana ndivyo nilivyoona.

"Nyamaza," alisema dada yangu, "hawajapata kijembe chenyewe," akaniegemea begani kwa kiwiko, asije akanipaka hina.