Ndevu za Kambale

Juzi wifi yangu alimnyang'anya mwanangu simu kwa sababu kwenye picha ya mwanzo ya katuni kulikuwa na joka. Eti shetani. Nilikasirika, maana joka lile nalijua tangu utotoni.

Nililiona kwenye banda la video kule kwetu Katindiuka, mchana wa mvua, bati likipiga kelele, sisi watoto tukinuka matope na mihogo ya kukaanga. Msichana wa katuni ya Kijapani alikuwa na alama ya samaki mwenye ndevu begani. Kila alipoanguka akainuka, samaki alibadilika kidogo, mpaka mwisho akawa joka, na yule binti akaacha kuogopa watu.

Nilirudi nyumbani mbio. Mama alikuwa ameshika kisu, na ndani ya beseni alikuwemo kambale mzima, ndevu zinacheza.

"Mama, usimchinje. Huyu anakuwa joka."

"Awe haraka basi, maji yameshachemka."

Nilimla huku nalia. Kisha nikakaa mbele ya kioo, vidole vinanuka kambale, nikisubiri ndevu zangu ziote.

Siku hizi najua kwamba katika hadithi ya kale ya Wachina, iliyofika hadi Japani, samaki yule hupanda maporomoko ya maji, na huwa joka kwa sababu hakati tamaa. Ndevu hazihusiki.

Niliichukua simu mkononi mwa wifi, nikamrudishia mwanangu.

"Mama, huyu samaki anageuka nini?"

"Angalia mpaka mwisho," nilimwambia, "halafu umweleze shangazi yako."