Maharage Chini ya Kioo

Miaka ile Warundi walipokuwa wakivuka mpaka kwa makundi, wengi walipelekwa kambini, wachache wakabaki vijijini kwa ruhusa ya mdomo tu. Kwetu Kidahwe, mama yangu alimpa chumba cha uani mjane mmoja mwenye watoto wawili. Mwenyekiti wa kijiji alijua, akanyamaza. Watoto walikuwa wameanza shule.

Kilichomtishia mjane yule ni kuni. Maharage yanakula kuni kuliko chakula kingine chochote, na miti ya karibu na kijiji ilikuwa imekwisha. Akaingia msitu wa hifadhi, askari wa msitu akamkamata na mzigo kichwani. Alimwachia, lakini alimwambia wazi kwamba akimkuta tena atampeleka kambini yeye na watoto wake.

Mimi ni seremala, na wakati huo karakana yangu ilikuwa Mwandiga, nikiondoka asubuhi na kurudi jioni. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimeyapata kwenye vitabu chakavu vya sokoni Ujiji, nikivisoma na kalamu mkononi. Katika kimojawapo niliona mchoro wa jiko linalopika kwa jua. Nilichonga masanduku mawili, moja linaingia ndani ya jingine, na nafasi ya katikati nikaishindilia pumba za mpunga ili joto lisitoke. Ndani nilibandika karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, juu nikaweka kioo cha dirisha. Sufuria niliipaka masizi kwa nje.

Mama aliligonga sanduku kwa kidole.

"Mwanangu amewachongea maharage jeneza," alisema.

Mjane akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Jumapili nililijaribu mwenyewe. Maharage yaliyolowekwa usiku yaliiva kabla ya alasiri. Nikamkabidhi mjane sanduku, nikarudi kazini nimeridhika.

Wiki nzima iliyofuata maharage yake hayakuiva. Jua lilikuwa kali, nami kila jioni nilitafuta kosa kwenye sanduku. Niliziba nyufa kwa nta, nikaongeza pumba, nikabadili mwinamo wa kioo. Yeye alinitazama, kisha akamalizia kupika kwa kuni alizozificha nyuma ya choo. Nazo zilikuwa zinakwisha.

Siku moja nilirudi mchana kuchukua msumeno. Nikalikuta sanduku uani, juani kabisa, limefunikwa kitenge, na juu ya kitenge limewekwa jiwe. Mjane ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka kwenye kibarua cha palizi.

"Dada, umelifunika?"

"Nimelifunika, kaka."

"Sasa jua litapita wapi?"

"Na mtu je? Nikiliacha wazi, mtu atashindwa kupita?"

Kwetu, kama kwao, chakula hakiachwi peke yake mahali pa wazi. Hata pombe, anayekaribisha hunywa kwanza ndipo mgeni apokee, ili ajue haikutiwa sumu. Mimi nilikuwa nimemwambia mwanamke mgeni, asiye na ndugu, aache sufuria ya watoto wake chini ya kioo, kwenye ua unaopitwa na kila mtu, aende shambani. Kitabu hakikuwa na mchoro wa hilo.

Mama alikuwa barazani akimenya karanga. Miguu ilimsumbua, na siku nyingi hakutoka.

"Mimi nipo hapa kutwa," alisema. "Nitalitazama."

Mjane aliinamisha macho. "Mama, mtoto akiumwa tumbo, watu watakusema wewe."

"Ndiyo maana nitaonja kwanza, mbele yako. Nikifa, usile."

Kesho yake mjane aliporudi, mama alifunua kioo, akachota kijiko, akatafuna taratibu, akameza.

"Chumvi hakuna," alisema. "Ila yameiva."

Mjane aliminya harage kwa vidole, likapondeka.

Hakurudi tena msituni. Ugali aliendelea kuusonga motoni, kwa sababu ugali unataka moto mkali na mkono wa mtu, lakini kwa moto huo mfupi magunzi ya mahindi kutoka shamba la mama yalitosha. Siku za mawingu walikula dagaa wa ziwani wa Katonga, ambao huiva upesi. Askari wa msitu alipita siku moja, akachungulia nyuma ya choo, akakuta pamefagiliwa, akaenda zake.

Majirani walipoona, walitaka na wao. Nilichonga masanduku mengine, yote yakawekwa kwetu uani, kwa kuwa ndipo penye mtazamaji.

Kisha mama akalazimika kwenda hospitali mjini kwa ajili ya miguu, na siku hiyo mjane hakwenda kibaruani. Asubuhi alikuja jirani yetu, mwanamke ambaye hadi hapo hakuwahi kumwita mjane yule ila "mkimbizi". Alikuwa na sufuria yake na jembe. Alitazama baraza tupu.

"Leo nani anatazama?"

"Mimi," mjane alisema.

Jirani alibaki ameshika sufuria kwa mikono miwili, jembe limeegemea ukuta.

"Na utaonja?"

"Nitaonja zote. Nisiposhiba, nitarudia."

Jirani akacheka. Aliiweka sufuria ndani ya sanduku, akashusha kioo, akachukua jembe lake, akaenda shambani.