Konokono wa Mhunzi Anselme

Huko mkoani Berry, mhunzi Anselme Garroux alikuwa na mazoea yake: binti akiolewa, anamfulia kinara cha mshumaa chenye mnyama. Mkubwa alipata jogoo, wa pili sungura. Léontine, kitinda mimba, akapata konokono.

Konokono, jamani, mbele ya wageni wote! Chuma kilisokotwa mzunguko juu ya mzunguko, na konokono, akizungushwa kwa vidole, ndiye aliyepanda humo akiusukuma mshumaa juu kila ulipopungua. Kazi safi, lakini nani aliitazama? Watu walikufa kwa kicheko, maana uzito wa bi harusi wa kuamka asubuhi ulijulikana hadi kijiji cha pili. Léontine alinuna. Mwezi haujaisha, akampa mchuuzi kinara, naye akapewa birika la kahawa.

Anselme aliliona birika, hakuuliza. Alipofariki, karakanani walikuta kasha la mishumaa ya nta aliyoitengeneza mwenyewe, myembamba, isiyofaa kinara kingine chochote ila kile cha konokono.

"Alikuwa akingoja uje kuomba," mama yake akasema. Léontine alilia siku mbili.

Miaka thelathini alizunguka minada ya vitu vya kale, mshumaa mmoja kapuni wa kupimia. Vinara vya jogoo aliviona, vya mjusi aliviona, cha konokono ng'o. Wauzaji walimtania: "Mama, leo tena? Konokono wako bado yuko njiani."

Vuli hii mmoja akamwambia, "Jaribu kwa Huguette, yule mjane anayetengeneza mvinyo."

Alimkuta Huguette ghalani chini, akihamisha mvinyo toka pipa hadi pipa. Ukingoni mwa pipa kiliangikwa kinara, mwanga ukipenya kwenye mvinyo uliotiririka ili mashapo, ule uchafu uliotuama chini, yakianza tu kutoka ayaone, aache kumimina. Mgongo wa konokono uling'aa kwa kushikwashikwa. Léontine alitamani akinyakue akimbie.

"Siuzi, shoga," Huguette akasema. "Kwa taa ya umeme mashapo siyaoni sawasawa. Ila mishumaa yake ndiyo taabu. Hii minene ya dukani naichonga kwa kisu mpaka vidole vinauma."

Léontine aliugusa mshumaa kapuni mwake. Kisha akarudi nyumbani, akaleta kasha zima.

Mshumaa uliingia bila kuchongwa. Huguette akaduwaa. "Na hii ikiisha, nitapata wapi mingine?"

"Njoo kwangu uombe," Léontine akasema, akifuta machozi. "Nitajifunza kuitengeneza."