Karafuu Mgongoni

Katika jambo moja sote tuliokuwamo katika duka la dawa la hapa Albertville tulikubaliana: mgongo wa Papa mmoja, baba aliyeingia na mkewe, ulikuwa umeungua, maana alikataa kuegemea kiti. Mke wake aliweka mezani kichupa cha mafuta ya karafuu yaliyoletwa kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, ambayo alikuwa amempaka kutuliza maumivu ya mgongo.

“Majirani wanasema nimemchoma bwana yangu,” alimwambia muuzaji. “Uwaambie wewe ulichoniuzia.”

“Mama, nilikuambia uyapunguze nguvu.”

“Nilipunguza. Nilitia maji.”

Muuzaji alidondosha matone ndani ya glasi ya maji, akakoroga, akangoja. Matone yalizama chini, mazima.

“Maji hayachanganyiki nayo. Ni matone mawili tu ndani ya kijiko kikubwa cha mafuta ya karanga.”

“Ya karanga hukuyataja.”

Hapo mume alikohoa. “Na mimi nilimwambia aongeze. Dawa isiyochoma, nitajuaje imeingia?”

Mke alimgeukia polepole. “Majirani umewaambia hilo?”

“Hawakuniuliza.”

Basi muuzaji alieleza nusu, Mama hakuuliza nusu iliyobaki, na Papa alijua sehemu yake akainyamazia. Ushahidi ndio huo. Msomaji, amua mwenyewe: nani kati yao aende kubisha hodi kwa majirani kuwaeleza ukweli?