Simba wa Kulia

Nilifika Dubai kwa mkataba wa usafi, nikapangiwa karakana moja ya mtaa wa Satwa iliyotengeneza vitu vya zamani: redio, feni, saa za ukutani. Mwenyewe alikuwa mzee mzaliwa wa Unguja, aliyehamia huko na wazazi wake akiwa mdogo. Wenzangu walimwita sir. Mimi, kwa kuwa tulizungumza Kiswahili, nilimwita mzee, naye akaniita mwanangu.

Siku moja ikaletwa mashine ya pinboli iliyonizidi umri. Ni meza ndefu iliyoinama. Unavuta springi, gololi ya chuma inapanda, inagongagonga huku taa zikiwaka na alama zikiongezeka, nawe unabonyeza vipigio viwili ili isitumbukie chini. Kwa mbele kumesimama kioo cha picha: mwanamke wa sarakasi juu ya bembea, na chini yake simba watatu.

Nilisahau kufagia.

"Waionaje?" mzee akauliza.

"Mwanamke kachorwa na fundi. Lakini huyu simba wa kulia kachorwa kwa mkono wa mtu mwingine. Mistari yake inatetemeka."

Alivaa miwani, akainama. "Umejuaje?"

Nikamwambia kwamba kwetu Mombasa nilikuwa nikiwachora maharusi piko mikononi, na mstari uliochorwa kwa woga naujua. Kesho yake akaniletea brashi nyembamba na vikopo vya rangi.

Kumchora upya simba yule kulinichukua wiki tatu. Wakati wa chakula cha mchana nilicheza, nikijiambia kuwa naijaribu mashine. Ilikuwa tamu, ila kipigio cha kushoto kilichelewa. Mzee alikisafisha mara mbili, kikapata nafuu kidogo tu.

Kisha akaja mteja, mzungu anayekusanya mashine hizo. Alikagua kioo kwa lenzi, akasita penye simba.

"Nani kagusa hapa?" akauliza kwa Kiingereza.

Wakusanyaji hawapendi kioo kilichoguswa, na mzee angeweza kusema kililetwa hivyo hivyo. Badala yake alininyooshea mkono. "Huyu. Muulize mwenyewe."

Nikaeleza rangi niliyoitoa na niliyoiweka. Akaniuliza na mchezo ukoje.

"Mzuri, lakini kipigio cha kushoto kinachelewa."

Mzee akakohoa. Mteja alicheza gololi tatu, mbili zikampotea kushoto. Akashukuru, akaondoka bila kununua.

Nikaanza kuomba radhi.

"Khalas, yamekwisha, mwanangu," mzee akasema. "Ulinambia kweli mimi. Yeye ungemficha kwa nini?"

Baada ya wiki mteja alirudi kutoka kwake, mtaa wa Jumeirah Village Circle, amekumbatia kioo kingine kilichofungwa kwenye blanketi. Rangi ilikuwa imebanduka mabegani mwa mwendesha farasi aliyechorwa humo, na alitaka nikitengeneze mimi, si mtu mwingine.

Visa yangu iliendelea kusema msafishaji, na asubuhi bado nilifagia. Lakini mchana nilikuwa na meza yangu karibu na dirisha, na mzee akinionyesha kwa wageni aliniita fundi wake.

Sasa niko Mombasa, nachora vioo vya maduka. Mzee alifariki nilipokuwa nimesharudi, sikuwahi kumzika. Namwombea kila Ijumaa, na ninamshukuru Mungu aliyenipitisha mlangoni kwake.